Meguiar's Ultimate Compound kwenye gari la Mwanza: inafuta nini na inaishia wapi

Kwa Toyota nyeusi iliyochoshwa na kuoshwa ovyo, chupa hii inafanya kazi iliyoahidi. Kwa mkwaruzo unaokwaza ukucha haifanyi, na wala hakuna chupa itakayofanya. Katikati ya hapo ndipo penye maneno, kwa sababu matokeo yake hapa kwetu yanategemea mno kivuli, vumbi na namna gari lilivyooshwa kabla ya kuguswa, na maelezo ya mgongoni mwa chupa yanayapitia hayo harakaharaka.

Ultimate Compound ni kompaundi nzito ya majimaji, yaani dawa ya kusaga uso wa rangi ya gari ili kufuta mikwaruzo, chupa ya mililita 450. Meguiar's ni kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1901, na tangu 2008 inamilikiwa na 3M. Bidhaa hii imelengwa kwa mwenye gari, si kwa gereji: inapakwa kwa mkono au kwa mashine ya DA, ile ambayo pedi yake inazunguka huku ikiyumba. Ndugu zake wa gereji ni M105, yenye makali ya kufuta alama za msasa namba 1200, na M205 ya kumalizia. Tofauti yake na rabingi ya kopo iliyozoeleka kwa mafundi rangi ni chembe za kusaga. Rabingi ya zamani ina chembe kubwa zinazovunjikavunjika kadiri unavyosugua. Inaanza ikiwa kali, inaishia ikiwa laini, na ukiishia njiani inakuachia alama za ule ukali wa mwanzo. Chembe za Ultimate Compound ni ndogo tangu mwanzo na hazitegemei kuvunjika. Zinasaga kwa kiwango kilekile maadamu kuna unyevu. Kwa hiyo hakuna cha kusubiri "ilainike". Unaacha pale mikwaruzo ilipoisha, na unaacha kabla haijakauka.

Sasa, ni mikwaruzo gani tunayoizungumzia? Ni ile myembamba inayojitokeza boneti ikipigwa jua la saa tisa, inayouzunguka mwanga kana kwamba mtu amechora kwa bikari. Haijachorwa kwa duara. Imekwenda kila upande, ila jicho linaona ile tu inayoukingama mwanga, ndiyo maana ukisogea duara linasogea nawe. Fundi akikwambia imetokana na kufuta kwa kuzungusha mkono, ana nusu ya ukweli. Ukifuta kwa mistari iliyonyooka na kitambaa kichafu utapata mikwaruzo ileile, na mwanga utaipanga duara vilevile.

Mikwaruzo hii haijavuka klia, yaani ile tabaka ya juu isiyo na rangi. Kwenye gari la kiwandani klia huwa na unene wa kama maikroni 35 hadi 50. Ukijumlisha praima na rangi yenyewe unapata maikroni 100 hadi 150, na Toyota nyingi za Japani ziko upande wa chini wa kipimo hicho. Unywele wa mtu una kama maikroni 70. Kwa maneno mengine, klia nzima ni nyembamba kuliko unywele, na kompaundi haijazi kitu humo ndani: inaishusha klia yote inayouzunguka mkwaruzo mpaka ifike usawa wa chini yake. Kila unapong'arisha, unatumia akiba isiyorudishwa. Mji ulio digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta hauna huruma na klia iliyoliwa sana. Inapauka, kisha inaanza kubanduka kwa mabaka, kwanza kwenye paa na boneti.

Mwanza ina sababu zake za kukwaruza magari. Miamba iliyoupa mji jina la utani, Rock City, ni granaiti, na ndani ya granaiti kuna kwatzi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs kwatzi ni 7, wakati kisu cha kawaida ni kama 5.5. Klia ni plastiki. Vumbi linalotua kwenye gari lililoshinda barabara za ndani za Buhongwa au Igoma lina chembe hizo, na mtu akipita na dasta kavu asubuhi "kulitoa vumbi tu", amepiga msasa. Wadudu wa ziwani nao wana lao. Wanapotoka kwa mawingu, hasa karibu na mwezi mwandamo, hufuata taa na kufia kwenye bampa, boneti na vioo vya pembeni. Wakikauka wananata, na wengi huwasugua kwa sponji ileile iliyotoka kwenye tairi. Loweka kwanza kwa maji na shampoo dakika tano, wataondoka bila ugomvi. Kinyesi cha wale korongo wakubwa wa soko la samaki la Mwaloni ni jambo jingine kabisa: hakikwaruzi, kinachoma klia na kuacha kovu lenye kingo. Kovu changa kompaundi hii inalipunguza. Lililopigwa jua wiki nzima limezama, liache.

Kabla hujanunua, tumia dakika kumi na gari lako na tochi ya simu kivulini. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo bila kukandamiza. Ukikwama, si kazi ya chupa hii. Kisha lowesha mkwaruzo kwa maji. Ukipotea ulipolowa, umo ndani ya klia na kuna matumaini. Ukibaki mweupe au wa rangi nyingine, umefika kwenye rangi au praima, na hapo dawa ni kugusia rangi. Chukua kitambaa cheupe chenye kompaundi kidogo usugue sehemu iliyojificha. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, gari lako halina klia. Ni rangi ya tabaka moja, kama zilivyo Hiace na Land Cruiser nyingi nyeupe za zamani. Inang'arishika vizuri tu, ila usishtuke pedi ikigeuka nyeupe au nyekundu.

Gari lililopakwa rangi hapa mjini linataka kipimo kimoja zaidi. Mahali pasipoonekana, ndani ya ukingo wa mlango, gusa kwa kitambaa chenye thina. Klia ya kuchanganywa na hadena, ile dawa ya kuigumisha, ikishakauka sawasawa haitikisiki. Rangi isiyo na hadena inalainika na kuchafua kitambaa. Ya namna hiyo inaliwa na kompaundi upesi mno, na mashine isiiguse kabisa. Kama kuna kipima unene wa rangi, namba zitakuonyesha mengine: kuvuka maikroni 200 kwa kawaida ni rangi ya pili, kuvuka 300 anza kushuku puti, na sehemu inayosoma chini ya 80 iheshimu, maana yaelekea imeshapigwa polishi mara nyingi kabla haijapanda meli. Bampa za plastiki kipima hiki cha kawaida hakizisomi.

Rangi yenyewe nayo ina tabia. Kwenye kibati cha gari, palipoandikwa C/TR au COLOR, Toyota nyeusi isiyo na chembe za kumeta mara nyingi ni 202. Hiyo inajulikana kote duniani kwa ulaini: inakwaruzika kwa kuifuta, na inafutika mikwaruzo kwa urahisi uleule. Subaru nyingi ziko hivyo pia. Magari ya Ujerumani kwa kawaida yana klia ngumu, na hapo Ultimate Compound kwa pedi laini itakuchosha bure.

Maandalizi yanachukua muda kuliko kung'arisha kwenyewe, na wengi wanaoilaumu chupa walikosea hapa. Piga maji ya presha kwanza, chini ya matao ya tairi hadi juu. Osha kwa ndoo mbili, moja ya shampoo na moja ya kusuuzia, ukianzia paa kushuka. Tairi na rimu zina kitambaa chao. Sabuni ya unga achana nayo, inakausha mpira na kuondoa nta, na punje zisizoyeyuka zinakwaruza. Maji ya bomba yatokayo ziwani ni laini, hayaachi chumvi nyingi. Ya kisima chenye chumvi yanaacha madoa yakikaukia juu ya bodi, kwa hiyo kausha mapema. Na jambo la pembeni, lakini ni sheria: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kituo cha kuoshea kilichokaa majini kabisa ni rahisi kwa mwenye nacho na ghali kwa sote wengine.

Baada ya kuosha, pitisha kiganja juu ya boneti ukiwa umekivika mfuko laini wa nailoni. Ukihisi ukakasi kama wa chenga, kuna vitu vimejishika kwenye klia: mabaki ya lami, chembe za breki, utomvu wa miti. Hapo tumia klei, ule udongo wa kusafishia rangi. Kata kipande cha gramu 50, kikande kiwe bapa, nyunyiza maji ya shampoo kwa wingi, ukipitishe kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza mpaka kiteleze. Kikichafuka kunja upande wa ndani utoke nje. Kikianguka chini, tupa. Usijadiliane nacho, kimeshaokota kwatzi. Klei yenyewe huacha alama hafifu kwenye rangi laini, ndiyo maana hutangulia kompaundi, haifuati.

Kisha masking tepu. Funika mipira ya vioo, plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, nembo, na mistari mikali ya bodi. Kompaundi ikikaukia kwenye plastiki nyeusi yenye vinyweleo inaacha weupe unaong'ang'ania, na kwenye kona na mistari ya bodi rangi ni nyembamba kuliko popote. Gari likitobolewa klia, mara nyingi hutobolewa hapo.

Sasa mashine. DA yenye mzunguko wa milimita 8 inatosha kwa gari dogo. Ya milimita 15 inakwenda haraka kwenye sehemu pana, ila inasumbua penye mikunjo. Pedi za sponji za inchi 5 au 5 na nusu zinafaa, angalau nne kwa gari zima, za ugumu wa kati. Usifuate rangi ya pedi, kila kampuni ina rangi zake. Bonyeza kwa kidole uone ugumu. Chora mstari wa maka peni kwenye bamba la nyuma la pedi, ili uone kama inazunguka kweli au inatetemeka tu. Ikisimama kuzunguka, kukata kumekoma, hata kama mlio unaendelea.

Anza na eneo moja la majaribio, sentimita 45 kwa 45, boneti upande mmoja. Pedi mpya ipakwe kompaundi nyembamba usoni ili isianze ikiwa kavu. Baada ya hapo matone manne ya ukubwa wa harage yanatosha kila eneo. Zaidi ya hapo pedi inateleza badala ya kusaga, na ziada inaruka kwenye vioo. Weka pedi juu ya rangi ndipo uwashe. Tandaza kwa kasi ya 2, sekunde chache, kisha panda hadi 4 au 5. Kandamiza kwa uzito wa kama kilo 5 hadi 7, usogee polepole, kama sentimita mbili na nusu kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliopita. Pita kwa ulalo, kisha kwa wima. Hiyo ni duru moja. Duru mbili au tatu za hivyo, na ya mwisho punguza mkandamizo ubaki uzito wa mashine tu. Filamu inayobaki ionekane nyevu na inayopenyeza mwanga. Ikiwa nyeupe na kavu, umechelewa.

Futa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba, ukikikunja mara mbili ili upate pande nane. Halafu usiamini macho. Kompaundi nyingi zinaacha mafuta yanayojaza mikwaruzo kwa muda, na hapo ndipo gari linapong'aa mbele ya mteja na kurudi lilivyokuwa baada ya kuoshwa mara mbili. Chukua spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70, kipimo kimoja kwa vipimo vinne vya maji, nyunyiza, futa, uangalie tena kwa tochi ukiishika karibu na kwa mshazari. Kama mikwaruzo imeondoka baada ya spiriti, imeondoka kweli. Kama asilimia kubwa imeondoka na michache mirefu imebaki, kubali. Kuifukuza hiyo michache ni kula klia ya eneo zima kwa ajili ya mistari mitatu ambayo hakuna mtu ataiona ila wewe. Hapa ndipo tunapotofautiana na wauzaji wa "kama mpya": gari linaloendeshwa kila siku halihitaji kuwa bila doa, linahitaji kubaki na klia.

Kwenye nyeusi 202, kwa pedi ya ugumu wa kati, duru tatu zinasafisha karibu mikwaruzo yote ya kuosha, na hili ndilo jambo ambalo bidhaa inastahili sifa. Tatizo ni kwamba kwenye rangi laini hivyo inaweza kuacha ukungu mwepesi unaoonekana juani tu. Ni alama za chembe zenyewe. Si kosa la kufuta. Hapo fuata na M205 au polishi nyingine ya kumalizia, pedi laini, kasi ya 3 hadi 4, mkandamizo mdogo. Kwenye fedha, nyeupe na dhahabu ya lulu huhitaji hatua hiyo ya pili. Ukungu hautaonekana, acha kupoteza muda.

Joto ndilo adui mkubwa. Boneti nyeusi juani inavuka digrii 60 bila shida, na kompaundi inakauka kabla hujamaliza duru ya kwanza. Ikikauka inageuka vumbi, chembe zinagandamana, na pedi inachora mikwaruzo mipya. Saa za kazi ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, au ndani ya banda lenye paa. Chini ya mwembe si banda: utomvu na vumbi la majani vinadondoka katikati ya kazi, na chembe moja chini ya pedi inatosha kuharibu mlango mzima. Gari likitoka safarini subiri boneti ipoe mpaka kiganja kikae juu yake bila kukereka. Ukijikuta kompaundi inakauka licha ya kivuli, punguza eneo hadi sentimita 30, usiongeze kompaundi. Mnyunyizo mmoja mwepesi wa maji juu ya pedi unasaidia, miwili inaiua nguvu.

Pedi nayo inapata joto katikati. Ukiing'ang'ania pembe moja, gundi ya pedi inaachia, na usipokuwa makini bamba linagusa rangi. Ipige brashi kavu mashine ikiwa inazunguka polepole kila baada ya maeneo mawili, badilisha pedi kila baada ya paneli mbili au tatu. Pedi iliyojaa rangi na kompaundi iliyokufa haisagi, inapaka tope. Bampa za plastiki hazipitishi joto kama bati, kwa hiyo kasi ishuke hadi 3 na usikae mahali pamoja. Umeme ukiwa mdogo jioni, mashine za bei nafuu zinapoteza kasi na pedi inasimama. Usijaribu kufidia kwa kukandamiza.

Kwa mkono je? Inafanya kazi, lakini mahali padogo: kile kikombe nyuma ya mkono wa mlango kilichojaa alama za kucha na pete, ukingo wa buti palipoburuzwa mizigo, mkwaruzo mmoja wa kichaka. Tumia kipande cha sponji cha kupakia, tone la ukubwa wa harage, mistari iliyonyooka, sekunde 60 kwa nguvu ya vidole viwili na sekunde 20 za mwisho kwa wepesi. Rudia mara tatu, si zaidi. Kupiga gari zima kwa mkono ni adhabu, na mkandamizo wa vidole hauwi sawa, kwa hiyo juani utaona mabaka ya mng'ao tofauti. Muuzaji anayekwambia sponji na dakika ishirini zinatosha gari zima hajawahi kusimama upande wa pili wa boneti.

Tukiiweka kando ya nyingine. M105 ina makali zaidi, na kwa klia ngumu ndiyo chaguo, lakini inajulikana kwa vumbi na kukauka upesi. Kwa joto la hapa inamtaka fundi mwenye mkono mwepesi. ScratchX ya bomba dogo ni ya mkwaruzo mmoja mmoja kwa mkono, na ukishakuwa na Ultimate Compound huihitaji. Kompaundi ya 3M Perfect-It ya kifuniko cha kijani ni ya gereji ya rangi, nzuri baada ya msasa wa maji, lakini imepangwa iende na hatua zake za kifuniko cha njano na cha bluu. Ukinunua ya kijani peke yake umenunua theluthi ya kazi. Rabingi ya kopo kwa mashine ya rotari, ile inayozunguka tu bila kuyumba, na pedi ya manyoya ndiyo utakayokutana nayo kwingi ukiambiwa, "Bosi, tulipige polishi?" Inakata haraka, inang'arisha papo hapo, na inaacha michirizi mipana ya vivuli inayocheza na mwanga, ile inayoonekana ukiwa nyuma ya gari kwenye foleni ya Barabara ya Kenyatta. Rotari si mbaya. Haisamehi tu. Inazalisha joto mahali pamoja, na sekunde mbili za kuzubaa penye mstari wa bodi zinafika kwenye praima.

Kama hutaki kununua mashine na unampelekea mtu, chupa hii bado inaweza kukusaidia kama kigezo. Muulize fundi anatumia DA au rotari, ana pedi ngapi, anafunika mipira kwa tepu au la, na kama atakufanyia eneo moja kwanza kisha alifute kwa spiriti mbele yako. Anayekataa la spiriti anauza mafuta. Muulize pia atalifanyia wapi. Jibu likiwa pembeni mwa barabara ya vumbi, hata kompaundi bora duniani haisaidii. Kazi ya hatua moja kwa IST au Vitz, pamoja na kuosha na klei, ni ya siku nzima kwa mtu mmoja anayeifanya sawasawa. Anayekuahidi saa mbili ameamua tayari hatua atakazoruka.

Ukimaliza, klia iko uchi. Ultimate Compound hailindi chochote. Osha mabaki kwenye mianya, futa kwa spiriti, kisha paka kinga, yaani nta au silanti nyembamba, kivulini, ukifuata muda wa kukauka ulioandikwa kwenye chombo. Nta ya karnauba inaonekana vizuri lakini jua la huku linaimaliza mapema. Silanti ya kutengenezwa inakaa zaidi. Gari lililotoka kwa fundi rangi lisifungwe kwa nta kabla ya siku 30 hadi 60, rangi bado inatoa mvuke.

Kuhusu matumizi: kwa matone yaliyotajwa, chupa moja inatosha magari madogo matatu hadi matano ya hatua moja, kutegemea mkono wako na ukubwa wa paa. Noah au Harrier hesabu pungufu. Tikisa kabla ya kutumia, funga kifuniko kila mara, na usiiache kwenye buti la gari linaloshinda juani, maana ikizidi kutengana hairudi. Usinunue chupa iliyovunjwa muhuri hata ikiwa nusu bei. Huwezi kujua imejazwa nini. Pedi zioshwe siku ileile kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji, zikaushwe zikielekea chini, kisha zikae kwenye mfuko uliofungwa.

Kwa mwenye Toyota au Subaru ya rangi ya giza anayemiliki au anayeweza kuazima DA: 9 kati ya 10. Kwa gari jeupe lenye mikwaruzo isiyoonekana hata kwa tochi: 5, hela hiyo weka kwenye ndoo ya pili, vitambaa sita vya maikrofaiba na shampoo. Kwa atakayeitumia kwa mkono kwenye gari zima: 4. Kwa rangi ya mati isiyong'aa: sifuri, usiiguse, itakuachia doa linalong'aa lisilofutika.